Jinsi ya kupata chemchemi ya maji moto ukiwa kwenye safari ndefu ya miguu

Kwenye safari ya miguu ya wiki na wiki, mwili una utaratibu wake wa kuchoka. Mabega huanza, magoti hufuata, nyayo humalizia. Sijaona kitu kinachouliwaza mwili huo kama maji yaliyopashwa moto na ardhi yenyewe. Unaingia hadi mabegani, misuli inalegea moja baada ya nyingine, na usiku huo unalala usingizi wa pono.

Shida ni kwamba chemchemi nyingi hazikai kando ya njia zikikungoja. Ziko bondeni, ng'ambo ya mto, au mwisho wa kijinjia kisicho na kibao. Watu hupita karibu nazo kila msimu bila habari. Anayezipata ni yule aliyeziwekea nafasi kwenye safari kabla hajafunga shanta, kisha akafika akiwa na macho ya kuisoma ardhi na subira ya kuyapima maji. Hizi hapa hatua ninazozifuata.

Hatua ya 1: Elewa maji yanapatia wapi moto

Maji ya mvua na theluji huzama ardhini kupitia nyufa za miamba. Kadiri yanavyoshuka, joto huongezeka kwa takriban nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita, na penye volkano changa huongezeka upesi zaidi. Yakishapata moto hutafuta ufa mwingine na kupanda. Yakipanda haraka hutokeza juu yakiwa bado ya moto, lakini yakizunguka sana hupoa na kufika vuguvugu.

Kwa hiyo kuna mandhari mbili za kuwinda. Ya kwanza ni maeneo ya volkano. Ya pili, ambayo wengi huisahau, ni mipasuko mikubwa ya ardhi: pale mlima unapokutana ghafla na tambarare, au pale mto ulipochimba korongo refu hadi ukaufikia ufa. Si lazima kuwe na volkano karibu.

Zingatia pia kwamba chemchemi hupenda mahali pa chini. Kama njia yako inakwenda juu ya mgongo wa milima kwa siku kadhaa, maji moto yatakuwa bondeni, na kila mita utakayoshuka kuyafuata utaipanda tena kesho yake. Hesabu hiyo ifanye mapema.

Hatua ya 2: Zitafute kwenye ramani ukiwa bado nyumbani

Anza na ramani ya kontua ya njia yako, yaani yenye mistari inayoonyesha mwinuko, ukague ukanda wa kilomita kumi kila upande. Majina ya mahali husaidia sana. Nchi zinazozungumza Kihispania tafuta Termas, Baños au Aguas Calientes, Japani tafuta Onsen, Iceland majina yenye laug, na Nepal Tatopani. Ukiona jina la namna hiyo kando ya mto, weka alama hata kama ramani haionyeshi kidimbwi.

Kisha nenda kwenye takwimu za idara za jiolojia. Nchi nyingi zimeorodhesha chemchemi zao pamoja na mahali zilipo na joto lake. Marekani, kwa mfano, NOAA, taasisi ya serikali ya bahari na hali ya hewa, ilichapisha mwaka 1980 orodha yenye chemchemi zaidi ya 1,700. Orodha za aina hii zina thamani kwa sababu zinataja nyuzi joto. Chemchemi ya nyuzi 25 ni maji ya kuogelea siku ya jua, ya nyuzi 90 ni ya kutazama kwa mbali, na unayoitaka ni ile ya nyuzi 36 hadi 42, au ya moto zaidi yenye kijito baridi jirani cha kuchanganyia.

Mwisho soma taarifa za waliopita karibuni, ukitazama tarehe kwanza. Chemchemi hubadilika. Tetemeko la Hebgen Lake la mwaka 1959 lilibadili tabia ya chemchemi nyingi za Yellowstone, hifadhi ya taifa ya Marekani, kwa usiku mmoja. Mafuriko ya Juni 2022 nayo yaliharibu sehemu ya Boiling River, mahali palipopendwa na waogaji katika hifadhi hiyohiyo, na pakafungwa. Maelezo ya miaka kumi iliyopita yanakuambia palikuwa na nini, basi.

Kwa kila chemchemi andika: iko kilomita ngapi kutoka njiani, utashuka mita ngapi, kuna mito mingapi ya kuvuka, joto lake, mwenye eneo ni nani, na kama kulala karibu kunaruhusiwa. Alama na ramani ziwe ndani ya simu bila kuhitaji mtandao, na nakala ya karatasi iwe kwenye mfuko usiopitisha maji.

Mifano itakuonyesha jinsi hali zinavyotofautiana. Kwenye Pacific Crest Trail, njia ya miguu ya magharibi mwa Marekani yenye urefu wa kilomita 4,265 hivi, njia inapita kando kabisa ya Deep Creek Hot Springs, takriban kilomita 495 kaskazini ya mpaka wa Mexico. Hapo huhitaji kutafuta chochote. Kwenye John Muir Trail ya California, Blayney Hot Springs ziko karibu na Muir Trail Ranch, lakini mto San Joaquin, tawi la kusini, umekatiza katikati. Wanaopita Continental Divide Trail, njia nyingine ndefu ya Marekani, wengi huchagua njia mbadala ya mto Gila huko New Mexico, na mojawapo ya sababu ni Jordan Hot Springs, maji ya nyuzi 34 hivi yaliyo ndani ya msitu wa hifadhi, ambayo huyafikii bila kuvuka mto mara nyingi. New Zealand kuna Welcome Flat kwenye Copland Track, mwendo wa kilomita 18 hivi kutoka barabarani, na kibanda cha kulala kiko hatua chache kutoka kwenye vidimbwi. Kwenye njia ya kuzunguka milima ya Annapurna huko Nepal, Tatopani iko ukingoni mwa mto Kali Gandaki kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, siku kadhaa baada ya kuvuka Thorong La, kivuko cha mlimani chenye mwinuko wa mita 5,416. Sijui mpangilio mzuri zaidi ya huo: kwanza baridi na hewa nyembamba, halafu mteremko mrefu, halafu maji moto.

Hatua ya 3: Ulizia ruhusa

Kuwa porini hakufanyi maji yawe ya kila mtu kwa namna yoyote apendayo. Chemchemi ya Goldmyer katika jimbo la Washington hupokea watu 20 tu kwa siku, na sharti uwe umeweka nafasi. Deep Creek hairuhusu kupiga kambi, kwa hiyo panga kulala kwingine. Kwenye Kumano Kodo, njia za kale za mahujaji huko Japani, bafu dogo la Tsuboyu huko Yunomine unaliingia kwa zamu ya dakika 30. Yellowstone inakataza kabisa kuingia kwenye vidimbwi vyake vya moto, na haitishii bure: zaidi ya watu 20 wamekufa humo kwa kuungua, mmoja wao mwaka 2016 baada ya kuacha njia ya mbao eneo la Norris.

Nyingine ziko kwenye ardhi ya mtu binafsi au ni mahali pa ibada. Ukiambiwa hapana, endelea na safari.

Hatua ya 4: Ziwekee siku na saa inayofaa

Hapa ndipo wengi hupoteza raha yote. Hufika saa sita mchana, hujitosa dakika ishirini, hutoka wakiwa wamelegea, kisha huvaa shanta kupanda mlima. Usifanye hivyo. Maji moto hutanua mishipa ya damu na kushusha shinikizo lake, ndiyo maana ukisimama ghafla unapata kizunguzungu. Pia unatoka jasho bila kujiona, kwa hiyo unaanza mlima ukiwa na upungufu wa maji mwilini.

Halafu kuna nyayo. Ngozi iliyoloweka huvimba na kuwa laini, na ngozi laini ndani ya kiatu ni mwaliko wa malengelenge. Sugu ulizozijenga kwa wiki tatu zinaweza kuchunika kwa mchana mmoja. Ndiyo maana napendelea kufika alasiri, kupiga hema panaporuhusiwa, kula, kisha kuingia majini jua likizama. Usiku kucha ngozi inapata muda wa kukauka na kukaza. Kama huna budi kuendelea na mwendo siku hiyohiyo, keti ukingoni ukiwa umeloweka mwili na kuziacha nyayo nje. Inaonekana ajabu lakini inasaidia.

Chagua pia mahali pake katika safari nzima. Chemchemi ya siku ya pili haina faida kubwa, mwili bado haujachoka. Ile iliyo baada ya sehemu ngumu kuliko zote ndiyo ya kutengewa nusu siku nzima. Kama ziko tatu karibu na njia yako na muda unatosha moja, chagua hiyo, hata kama nyingine mbili zina sifa zaidi.

Msimu una neno lake. Vidimbwi vya ukingoni mwa mto humezwa mto ukijaa, na hujitokeza tena maji yakipungua. Kule Kawayu, Japani, watu huchimba changarawe za mto Oto na maji moto huibuka chini ya mikono yao, na bafu kubwa la pamoja hujengwa mtoni humo wakati wa baridi mto ukiwa mdogo. Kama lazima uvuke mto unaotokana na theluji, vuka asubuhi na mapema, kwa sababu theluji huyeyuka mchana na maji huongezeka kufikia alasiri na jioni. Ukifika ukingoni ukaona mto wa Blayney au mwingine wowote una kasi ya kukutia shaka, chemchemi hiyo si yako safari hii. Hakuna kuoga kunakostahili kuvuka mto mbaya.

Zilizo karibu na barabara hujaa watu mwisho wa wiki. Ukiweza, fika kati ya Jumatatu na Alhamisi.

Hatua ya 5: Soma ardhi unapokaribia

Alama ya ramani inaweza kukosea kwa mita mia kadhaa. Kuanzia hapo tumia macho na pua.

Wakati mzuri wa kutafuta ni alfajiri. Hewa ikiwa baridi, mvuke huonekana kutoka mbali, hasa ukisimama mahali palipoinuka na kutazama chini bondeni. Mchana wa jua mvuke huohuo hauonekani kabisa. Wakati wa theluji tafuta kipande cha ardhi kilichobaki wazi na majani mabichi katikati ya weupe.

Fuata vijito kuelekea juu. Ingiza mkono kwenye kila kijito kidogo kinachoingia mtoni: kimoja kikiwa na uvuguvugu, kifuate hadi chanzo. Tazama mawe. Maji moto yenye chokaa nyingi huacha gamba jeupe, la manjano au la kahawia, mara nyingine limejengeka kama ngazi. Utaona pia utando wa kijani, wa chungwa au wa kahawia unaoteleza, ambao ni bakteria na mwani wapendao joto. Harufu ya mayai viza ni ya gesi ya salfa, nayo husafiri mbali na upepo.

Rangi hukupa fununu ya joto. Bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua hawavumilii maji yanayozidi nyuzi 73 hivi. Kidimbwi safi, cha buluu ya kupendeza, kisicho na utando wowote ndani, huenda ndicho hatari kuliko vyote, na jirani yake chenye mwani wa kijani kikawa cha kuogea. Lakini fununu si kipimo, na kupima kunakuja.

Karibu na chanzo usikanyage ovyo. Gamba la madini linaweza kuwa jembamba, na chini yake pana maji yanayochemka. Tembea juu ya mwamba mgumu au palipokanyagwa na wengine, ukitanguliza fimbo ya kutembelea. Epuka mashimo na vibonde visivyo na upepo: gesi ya salfa na kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini. Ukikuta ndege au wanyama wadogo wamekufa bondeni, geuka. Na kama harufu ilikuwa kali ikatoweka ghafla, usifurahi, kwa kuwa gesi hiyo ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa. Panda juu kwenye hewa.

Hatua ya 6: Pima kabla ya kuingia

Nabeba kipimajoto kidogo cha jikoni. Hakina uzito wa kuhisi, na kimenifaa kuliko vifaa vingi vya bei kubwa. Kifunge kwenye fimbo, upime sehemu kadhaa: chanzo, katikati, ukingo na chini. Kidimbwi kimoja kinaweza kuwa na nyuzi 38 upande mmoja na 55 upande mwingine, na maji moto huelea juu ya yale baridi yasipochanganyika.

Nyuzi 37 hadi 40 ndizo za kukaa kwa raha. Zaidi ya 40 kaa kwa muda mfupi. Nyuzi 50 zinaweza kuunguza ngozi kwa dakika chache, na 60 hutosha kumuunguza mtu mzima kwa sekunde 5 hivi. Bila kipimajoto, sogeza kwanza mgongo wa mkono karibu na uso wa maji. Kama mvuke wenyewe unachoma, acha. Kama haukuchomi, gusa kwa ncha ya kidole, kisha kiganja, kisha kifundo, kila hatua ukingoja kidogo. Usiruke ndani kamwe, wala usimruhusu mwenzako aruke. Watoto washikwe mkono.

Maji yakiwa moto mno hujakwama. Shuka na mkondo, kwa kuwa hupoa kadiri yanavyotiririka, au tafuta yanapokutana na kijito baridi. Landmannalaugar huko Iceland, mwanzo wa njia ya Laugavegur ya kilomita 55, kidimbwi kinapendeza kwa sababu hiyo: maji moto yanayotoka chini ya lava yanakutana na ya baridi, na kila mtu anasogea hadi apate joto lake. Mara nyingi watu waliokutangulia wamepanga mawe kuongoza maji. Hamisha jiwe moja au mawili kurekebisha joto, usijenge bwawa jipya.

Hatua ya 7: Ingia kwa utaratibu

Jisuuze kwanza kwa maji ya sufuria, mbali na kidimbwi, utoe jasho, mafuta ya jua na dawa ya mbu. Kidonda kibichi au lengelenge lililopasuka kikuzuie kuliingiza eneo hilo. Vaa malapa, chini huwa na mawe makali na utelezi. Weka chupa ya maji ya kunywa karibu na mkono.

Usizamishe kichwa wala kurushiana maji usoni. Maji ya moto ya asili yanaweza kuwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri, ambaye huingia kwa njia ya pua na kufika kwenye ubongo. Ugonjwa huu ni nadra sana, lakini wanaoupata karibu wote hufa, na kuuepuka ni rahisi: pua ibaki juu ya maji. Kwenye chemchemi nyingi za New Zealand utaona vibao vinavyosema hivyohivyo.

Kaa dakika 10 hadi 15, toka ukae ukingoni upoe, unywe, kisha rudi ukitaka. Pombe iache kwa siku nyingine. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu amuulize daktari wake kabla ya safari. Ukitoka, toka polepole, keti kwanza ndipo usimame.

Usinywe maji ya chemchemi yenyewe. Mengi yana aseniki, ambayo ni sumu, na madini mengine yaliyoyeyuka ambayo chujio la kawaida la safari haliyatoi, wala kuchemsha hakuyaondoi. Chota kwenye kijito baridi kilicho juu ya chemchemi.

Kuhusu mavazi, tazama walio humo kwanza. Kuna mahali watu huoga uchi bila kuona haya na mahali ni kosa. Salimia, uliza kama kuna nafasi, uongee kwa sauti ya chini.

Hatua ya 8: Kabla hujaondoka

Sabuni isiguse maji hata ile inayouzwa kuwa haidhuru mazingira. Haja zote ziwe mita 60 au zaidi kutoka kwenye chemchemi na mto. Chupa za glasi zisifike hapo kabisa, kwa kuwa kigae kimoja ndani ya kidimbwi hukata nyayo za watu kwa miaka. Okota takataka utakazoweza kubeba, hata zisizo zako.

Kausha nyayo vizuri, katikati ya vidole hasa, vaa soksi kavu za kulalia, na soksi za mwendo zianikwe mahali pa upepo. Kisha, kabla hujasinzia, andika tarehe, joto ulilopima, hali ya mto na ya njia. Ukipata mtandao zitume penye ramani za watembeaji, ili anayekuja nyuma yako asitegemee maelezo ya miaka kumi iliyopita. Ila kama ni kidimbwi kidogo kisichotajwa popote, waulize kwanza wenyeji na wasimamizi wa eneo kama wangependa kijulikane.